Bakuli la Stroberi Mnadani

Kitalu changu kilikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, huku Akheri, mahali ambapo mgomba wa zamani ulioza ukaacha kipande cha udongo mweusi, laini. Mimi nilikulia mjini, Levolosi, kwenye nyumba ya kupanga, na udongo wetu ulikuwa ule wa kwenye kopo la mchicha dirishani. Kwangu kipande kile kilikuwa shamba. Mama mkwe aliniazima. Nasema aliniazima kwa sababu ndilo neno alilolitumia, na sitaki kumwongezea wala kumpunguzia.

Mume wangu ni kitinda mimba, na kwa Wameru kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama yake. Kwa hiyo nilipoolewa nilikuja kutumia jiko moja na mama, na mume akaendelea na kazi yake ya kuendesha watalii, akiondoka msimu mzima. Tulibaki wanawake wawili na ng'ombe. Migomba ni ya mama, kahawa ni ya mama, hata majani ya ng'ombe ni ya mama. Nililima yote hayo, sikatai kwamba na mimi nilikula, lakini hapakuwa na mahali pa kusimama nikasema hapa ni pangu. Nilikitaka kile kipande kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Huenda hilo nalo lilionekana usoni, na huenda ndilo lililomuudhi.

Miche niliipata mjini, Elerai, kwa mama mmoja niliyekuwa namfulia nguo kabla sijaolewa. Alipanda stroberi kwenye ndoo zilizotobolewa. Stroberi ikishakomaa inatoa kamba ndefu, na kwenye kila fundo la kamba unaota mche mwingine. Yeye alizikata ili azitupe, nikaziomba. Akanifundisha kwamba ule moyo wa katikati usifukiwe, ukifukiwa unaoza.

Hakuniambia kuhusu majivu. Huku kwetu majivu ya jikoni hayatupwi, yanapelekwa kwenye migomba. Mama mwenyewe alikuja na beseni lake akamwaga kuzunguka miche yangu yote, akarudi kesho yake na beseni lingine. Majani yakaanza kuwa ya njano. Nilifikiri anaiua makusudi. Baadaye nikamwona akimwaga majivu yale yale kwenye kahawa yake, ile anayoipenda kuliko watu, nikaifuta hiyo fikra. Nilimpigia simu yule mama wa Elerai, akasema niyaondoe haraka, stroberi haipendi majivu, nitafute mboji ya maganda ya kahawa. Maganda nilimwomba mama. Alinipa, na hakunisimanga siku hiyo.

Siku nyingine alinisimanga. Stroberi zilipoanza kuiva, ndege wenye mikia mirefu walizidonoa zote upande mmoja, nikazifunika kwa chandarua cha zamani. Mama alikuwa ameketi na jirani yake wakimenya ndizi za kupika. Akamwambia jirani, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, kwamba nyumba yake sasa ina chandarua cha kulaza matunda, na mtoto wa kulala humo hajamwona bado. Jirani alicheka kidogo, halafu akaona naangalia, akainamia ndizi.

Nilikuwa sijafikisha mwaka wa tatu kwenye ndoa. Niliendelea kufunga chandarua.

Nadhani ni jioni hiyo hiyo, kama sikosei, ndipo alipoweka masharti. Jirani bado alikuwepo, ni shahidi. Mama alisema yeye si mtu mbaya, ila ardhi haichezewi, na chakula ni kile ambacho mtu wa nje atakitolea hela yake.

"Peleka kanisani," aliniambia. "Akinunua mtu wa nje, kitalu ni chako, hata nikifa mimi. Asiponunua, narudisha mgomba wangu."

Nilikubali palepale. Niliona ni haki, na mpaka leo maneno yenyewe nikiyaangalia naona yalikuwa haki.

Kwa asiyejua, kanisani kwetu si wote wanaotoa sadaka ya fedha. Mwenye mayai analeta mayai, mwenye jogoo analeta jogoo, anawika wakati wa mahubiri. Ibada ikiisha tunatoka nje, mzee wa kanisa anasimama na kuvinadi. Na sadaka hairudi nyumbani. Kitu kikikosa mnunuzi, watu wa nyumba iliyokileta wanakinunua wenyewe ili kisiaibike. Tunaita kukomboa.

Jumapili niliamka nikachuma zilizokuwa na umande, nikatandika jani la mgomba kwenye bakuli, nikazipanga vichwa juu. Zilikuwa nzuri. Sipendi kusifia changu, lakini zilikuwa nzuri.

Zamu yangu ilipofika, baada ya mikungu na kuku, mzee mnadi aliinua bakuli akalitazama kwa chini kama mtu anayekagua miguu ya jogoo.

"Wapendwa, Bwana asifiwe. Hiki mimi hata kukitangaza sijui. Ni nyanya zilizokonda kwa mawazo, au ni nini?"

Watu walicheka. Mwanakwaya mmoja akasema hizo ni nyanya zilizougua surua, ona vidoa. Mwingine akauliza kama zinapikwa na nyama au zinapakwa midomoni. Nilicheka na wao, nikijisikia ninavyocheka. Bei ya kuanzia ilitajwa, pakawa kimya. Mzee akaishusha. Kimya. Nilianza kuhesabu mawe ya ngazi ya kanisa ili nisilie.

Ndipo akanyoosha mkono mzee mmoja anayefuga nyuki kule juu, karibu na msitu. Alisema mjukuu wake anaziona kila siku kwenye picha ya pakiti ya mtindi na kumsumbua, acha akamwonyeshe. Akataja bei yake. Haikuwa kubwa, lakini alikuwa mtu wa nje, na alikuwa amenunua.

Yaani alikuwa karibu kununua. Mama mkwe wangu alinyoosha mkono akapandisha.

Watu waligeuka. Mzee wa nyuki akatabasamu, akaongeza kidogo. Mama akaongeza zaidi. Mzee akaongeza tena, safari hii taratibu, akiwa ameshika mfuko wa koti. Mama akataja bei ya jogoo. Mzee akaangalia chini, akasema kwa adabu, "Basi mama, Mungu akubariki," akarudi nyuma. Vigelegele vikapigwa. Mzee mnadi akasema wakwe wa leo wajifunze hapa. Mwanamke aliyesimama kando yangu alinibana mkono akaniambia, "Umependwa, wewe."

Na mimi niliamini. Machozi yalinitoka mbele ya watu. Wakati ule sikukumbuka masharti kabisa, nilikumbuka tu kwamba mama amenisimamia.

Njiani alitembea mbele, bakuli amelibeba mwenyewe. Tulipofika nyuma ya jiko niliona machipukizi mawili ya migomba yameegemezwa ukutani. Mizizi ilikuwa imeshachongwa, na pale yalipokatwa utomvu ulikuwa umekauka ukawa mweusi. Chipukizi halikauki hivyo kwa asubuhi moja. Yalichongwa kabla hatujaenda kanisani.

"Leo Jumapili, hatushiki jembe," alisema. "Kesho asubuhi uchimbe."

"Mama, si zimenunuliwa?"

"Zimenunuliwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi ni mtu wa nje?"

Nikasema yule mzee alizitaka.

"Alizitaka," alisema mama. "Hakuzinunua."

Nilimpigia simu mume wangu. Mtandao wa porini ulikuwa unakatika, nikalazimika kurudia maneno yale yale mara nyingi mpaka hata kwangu yakawa ya kitoto. Alisema mama ni mama, nitapanda kitu kingine mahali pengine. Nilimuuliza wapi. Simu ilikatika, na siwezi kusema ni yeye aliyeikata.

Nimejaribu sana kumtendea mama haki katika hili. Alitoa hela nyingi kuliko yule mzee angeweza, na hela ilikwenda kanisani, haikwenda mfukoni kwake. Ardhi ni yake. Labda alipochonga yale machipukizi alikuwa anajiandaa tu kama mkulima yeyote, na labda kama mzee asingeinua mkono mama angekomboa kwa bei ya chini na mambo yangeisha vilevile. Lakini mzee aliinua mkono. Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiri.

Jumatatu nilichimba. Niliomba angalau nihamishie miche michache kwenye ndoo mbovu, akasema ndoo zina kazi. Nikaing'oa yote pamoja na kamba zake, mingine ikiwa na maua. Alinielekeza niitupie ng'ombe. Ng'ombe akala bila kuchagua.

Mama alileta kigoda akakaa kivulini na lile bakuli mapajani, akawa anakula huku ananielekeza upana wa shimo. Alikula polepole, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Ilipofika katikati ya bakuli akanitazama.

"Ni tamu," alisema. "Mimi sikusema popote kwamba si tamu."

Nikamwambia asante, mama.

Vile vikonyo vya kijani alivirusha shimoni, mbele ya jembe langu, akasema vitaoza, ni mbolea. Alizimaliza. Hakunipa hata moja, na sithubutu kusema alininyima, maana alizinunua mbele ya watu wote. Niliweka chipukizi la kwanza, nikalinyoosha, nikafukia.