Mama Jibu na Ini la Ndama

Jina la Mama Jibu alilipata wiki ya kwanza ya masomo yake ya ubingwa, na aliyempa ni Profesa mwenyewe. Profesa alikuwa ameweka pafu la mbuzi mezani. Alipofungua kinywa ili aulize, kabla swali halijatoka, mama huyu akawa ameshataja ugonjwa. "Basi, Mama Jibu," Profesa akamwambia taratibu, "nivumilie nimalize kuuliza." Darasa zima likaangua kicheko, na jina likanata hapo hapo.

Msimlaumu. Kabla ya kurudi darasani alikuwa ametibu mifugo kwa miaka mingi, na mfugaji aliyesimama zizini na ng'ombe anayehema hataki hotuba. Anataka jina la ugonjwa, kisha sindano. Daktari wa namna hiyo hana budi kuwa na ulimi mwepesi, na wa Mama Jibu ulikuwa mwepesi kuliko ndimi za wenzake wote. Lakini sasa alikuwa anasomea patholojia ya wanyama, yaani kumfungua mnyama aliyekwisha kufa na kutafuta kilichomuua, na huko mgonjwa hana haraka tena.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na sheria moja: eleza kwanza, taja baadaye. Sema ni kiungo gani, baka liko wapi, lina rangi gani, limeinuka au limebonyea, ni gumu au laini, na ukilikata ndani kukoje. Ukimaliza yote hayo ndipo unaruhusiwa kutaja ugonjwa. "Ukianza na jina," Profesa alipenda kusema, "macho yako yanastaafu kabla ya wakati."

Mama Jibu aliijua sheria hiyo vizuri sana, ila ulimi wake haukuwa na habari. Katika mtihani wa vitendo alimwaga majina ya magonjwa kama mtu anayenadi nguo za mitumba. Machache aliyapatia, mengi aliyakosa, akaanguka. Akapewa nafasi ya kurudia, na anayeanguka mara ya pili hufungashwa virago. Siku ile alilia jikoni kwake, huku mumewe, fundi wa friji, akimpapasa mgongo. Aliipenda kazi ile jamani. Alikipenda chumba kile chenye sakafu isiyokauka, mabuti ya mpira yaliyotundikwa ukutani, harufu ya dawa inayomfuata mtu mpaka nyumbani, na ile dakika ambayo mzoga unaanza kueleweka. Kufukuzwa kwa ujinga angekubali. Kufukuzwa kwa ajili ya domo kulimuuma.

Fundi ndiye aliyepata wazo. Jioni moja, baada ya chakula, aliweka kitu mezani akakifunika kwa taulo, kisha akakifunua.

"Eleza. Ukitaja jina, unaosha vyombo."

"Biringa..."

"Vyombo vile pale."

Aliosha vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Aliosha kwa ajili ya kitasa, kwa ajili ya sponji, kwa ajili ya nusu ya kitunguu. Fundi naye akanenepa kidogo kwa kukaa. Mpaka jioni moja lilipokuja biringanya jingine, mama akashusha pumzi, akaanza. "Kitu kirefu, kimenenepa upande wa chini. Rangi ya zambarau iliyokoza. Ngozi laini, inang'aa. Ubavuni kuna baka la kahawia limebonyea, na kidole kinazama."

"Jina?"

"Biringanya bovu. Na wewe ndiye uliyelinunua."

Fundi aliliangalia vizuri, akanyanyuka, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea siku hizo, hakuyaelewa mambo haya hata kidogo. Alimkuta mkwewe ameinamia soksi, akieleza kwamba ina tundu kisiginoni na kingo zake zimechanika ovyo. Akamvuta mwanawe pembeni.

"Mwanangu, mkeo ni mzima?"

"Anasoma, mama."

"Anasomea soksi?"

Siku ya kurudia mtihani ilifika. Profesa alikaa pembeni, haruhusiwi kusema neno. Aliyeuliza alikuwa mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mzee mwembamba ambaye uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Trei za mwanzo Mama Jibu alizieleza taratibu, na zikapita salama. Ikaja ya mwisho. Ilikuwa na ini la ndama, lenye mabaka meusi tii kila upande, ini la kutisha hata kwa mtu aliyezoea. Majina ya magonjwa yalimjia ulimini kwa kusukumana. Akauma meno.

"Ini la ndama," akaanza. "Ukubwa wa kawaida. Kingo zake ni kali, hazikuvimba. Lina mabaka meusi, makubwa kwa madogo, yametapakaa kote. Hayajainuka, hayajabonyea." Akabonyeza kwa kidole chenye glavu. "Ugumu ni ule ule, penye weusi na pasipo weusi." Akakata. "Weusi umeingia mpaka ndani, lakini nyama yenyewe haikuharibika. Hakuna usaha, hakuna kovu, hakuna damu iliyovuja."

Kila alichokieleza kilifukuza ugonjwa mmoja, mpaka akaishiwa magonjwa. Hofu ikamshika. Nani analeta kiungo kizima kwenye mtihani?

"Jina?" mtahini akauliza.

"Ni rangi tu. Wapo ndama wanaozaliwa nayo. Ini hili ni zima."

Mtahini hakupepesa jicho. "Na ndama mwenyewe, kilimuua nini?"

Mama Jibu alifungua kinywa, akakifunga. Akalitazama ini tena, upande huu na upande ule.

"Sijui," akasema. "Ini hili halinionyeshi."

Pembeni, Profesa aliinua kichwa. Katika mafunzo yote hayo hakuwahi kulisikia neno lile kutoka kinywa kile.

Mtahini akavua miwani, na uso ukafunguka. "Alichinjwa, daktari. Ini tumelitoa machinjioni, mkaguzi wa nyama alilikataa kwa sura yake tu. Ndama alikuwa mzima kuliko mimi. Ila wenzako waliokutangulia asubuhi hii, kila mmoja amemuua kwa ugonjwa wake." Akamnyooshea mkono. "Umefaulu. Hongera."

Mama Jibu alitoka hadi kwenye korido, akampigia mumewe. Fundi alipopokea hakusikia maneno, alisikia kilio.

"Basi, mke wangu," akasema upesi. "Usilie. Rudi nyumbani. Ng'ombe wa kutibu bado wapo, tutaishi tu."

Alitaka kumwambia, sauti ikagoma. Alijaribu tena, yakatoka machozi na kicheko kwa pamoja. Profesa, aliyekuwa amemfuata nyuma, akaichukua simu mkononi mwake.

"Shemeji," akasema, "mkeo ni bingwa. Subiri kidogo, anatafuta neno."