Fungua Mdomo, Inua Ulimi

Nalangu, nasi wa dispensari yetu, hakuwa mtu wa kubishana naye kama uko na kazi ingine ya kufanya siku hiyo. Mrefu, mweusi wa kung'aa, sauti ya mtu anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akivaa ile yunifomu yake na kukaza mkanda, hata madereva wa malori ya simiti, wale wanatusi kila kitu kinapumua, walikuwa wanamwita madam. Sisi wa Kitengela tuko na simba wanatoka paki ya wanyama kuja kula mbuzi za watu bila kualikwa, na hatuogopi sana, kwa sababu simba unaweza kumrushia jiwe. Nalangu ungemrushia nini?

Sifa yake ilitokea kwa semina. Mwaka wa 2001 manasi waliitwa Kajiado mjini wafundishwe mambo ya TB, na wakaletewa daktari wa kifua kutoka Nairobi, kijana mwembamba mwenye tai imefika kwa magoti. Daktari akasema mdudu wa TB anabadilika. Dawa ikimpiga nusu nusu, wale wanyonge wanakufa, wale wakaidi wanabaki, na wanazaa wakaidi wenzao. "Hiyo ndiyo evolusheni," akasema. "Msidhani ni mambo ya vitabu. Iko hapa, ndani ya makohozi."

Nalangu akasimama. Hakuinua mkono, aliinuka mwili wote.

"Daktari, Mungu alimaliza kuumba siku ya sita. Ya saba akapumzika. Sasa hawa wadudu wapya, nani anawatengeneza? Ni wewe?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Dawa ni ile ile, na mdudu ni yule yule. Mwenye anabadilika ni mgonjwa. Leo anameza, kesho anatema chooni, halafu anakuja kuniambia dawa imekataa. Nyanya yangu hakuwa nyani, na mdudu wangu atabaki mdudu."

Makofi yalipigwa mpaka daktari akanywa maji. Wakati wa chai, Wahu, nasi mwenzake wa dispensari ile ile, Mkatoliki asiye na haraka na kitu chochote, akamsogelea.

"Wewe Nalangu, sisi padre alituambia Mungu anaweza kuumba polepole. Kwani anafukuzwa na nani?"

"Padre wenu anakunywa divai asubuhi."

Wahu akacheka mpaka mandazi ikamwanguka. Lakini hakuyafuta maneno yake, na Nalangu hakuyaokota.

Jumapili iliyofuata Nalangu akalitoa lile jambo kama ushuhuda, kwa kanisa lao la mabati kando ya barabara ya Namanga. Pasta Munguti akamwita Debora wetu. Tangu siku hiyo, wagonjwa wake wa TB wakajua sheria: unakuja asubuhi, unameza mbele yake, halafu unasikia yale maneno. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Alikuwa anachungulia mashavu ya watu kama askari wa mpakani anatafuta sukari ya magendo. Na wengi walipona, tusimnyime haki yake.

Sasa mumewe.

Kyule alikuwa Mkamba wa Entarara, kule chini ya Kilimanjaro, mbeba simiti wa mgongo mpana na mdomo mpana zaidi. Alipoenda kumwomba Nalangu kwa baba yake, Mzee Kisemei, alivaa suruali ya kuazima, ikapasuka akikaa. Mzee akasema mwanaume anayeweza kucheka na matako nje, huyo hatamchosha msichana wangu. Wakapewana. Wakapata mtoto, Mwende, na nyumba ya vyumba viwili na ukuta wa mawe ambayo Kyule alikuwa anaita ikulu.

Mwaka wa 2004 Kyule akaanza kukohoa. Akasema ni vumbi ya simiti. Kikohozi kikakataa kuwa vumbi. Majirani wakanong'ona ule ugonjwa mwingine. Akapimwa, hakuwa nao. Ilikuwa TB. Mwende akapelekwa kwa nyanya yake Syokau huko Entarara asiambukizwe, na Nalangu akachukua dawa za mumewe mikononi mwake mwenyewe.

"Baba Mwende, fungua mdomo."

"Unatafuta meno ya kuuza?"

"Inua ulimi."

Anainua. Hakuna kitu. Kila asubuhi hivyo, kabla ya chai. Watu wengine ndoa yao inaamka na salamu, hiyo yao ikawa inaamka na ulimi.

Makohozi yakapimwa: wadudu wako. Wakangoja, yakapimwa tena: wako, na wamejaa. Nalangu akamgeukia mumewe.

"Unazipeleka wapi?"

"Zipi?"

"Dawa, Kyule." Hakumwita Baba Mwende.

"Kwani wewe si ndiye unaniangalia? Unataka nipasuke tumbo uzihesabu?"

"Mdudu habadiliki. Kama dawa imeingia, mdudu amekufa. Mdudu hajafa. Basi wewe ni mwongo."

Kyule alikuwa ameitwa mambo mengi kwa kazi yake ya simiti na akayacheka yote. Hilo hakulicheka. Alisema tu, "Mama Mwende, mimi nimemeza," na akatoka nje kukaa kwa jua.

Wakamwanzisha upya. Tembe zile zile, na juu yake wakaongeza sindano ya kila siku. Nalangu akawa anamdunga mwenyewe kwa paja, paja ambalo kila wiki lilikuwa linapungua. Sasa alikuwa anachungulia mdomo na kijiko, anasukuma shavu, anapitisha kidole kwa ufizi. Na kule dispensari, watu wakimuuliza mzee anaendeleaje, alikuwa anasema kwa sauti yake ile ya mto: "Huyo wangu ni mkora. Anaficha dawa kwa shavu kama tumbili." Manasi wanacheka. Wahu alikuwa hacheki.

"Na kama amemeza?" Wahu akamuuliza siku moja.

"Kama amemeza angekuwa amepona."

"Nalangu, hilo si jibu. Hilo ni duara."

Ikafika mahali Kyule akasema kuna mtu anampigia filimbi ndani ya kichwa. Nalangu akamwambia ni dawa inafanya kazi. Filimbi ikakua, sauti za watu zikarudi nyuma. Ukimwita hageuki. Kazi ya simiti ilikuwa imeisha kitambo. Kutembea mpaka chooni kulikuwa kunamtoa jasho, na majirani walikuwa wanasikia kikohozi chake kupitia ukuta kama mtu anaburuta kitanda.

Pasta Munguti na kina mama wakaja kuomba. Pasta akamwekea mikono, akatangaza uponyaji umeshuka, na kwamba karibuni Kyule atasimama mbele ya kanisa kushuhudia. Nalangu akasema amina kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa anahitaji hiyo amina. Ukimwangalia macho ungejua hakuwa analala.

Makohozi yalikuwa yametumwa maabara kubwa ya Nairobi, na majibu yakachukua muda mpaka mtu akasahau alikuwa ameuliza nini. Mwaka wa 2006 Nalangu akaitwa Kajiado. Kwa meza alikuwa amekaa daktari yule yule wa semina, sasa ako na tumbo na tai imepata mahali pa kulala. Kama alimkumbuka, hakuonyesha.

"Sista, keti. Mdudu wa huyu mgonjwa anazicheka hizi tembe kubwa mbili. Na sindano pia. Sindano mliianza lini?"

"Tembe ziliposhindwa."

"Kwa hivyo zilikuwa zimeshindwa tayari, halafu mkaongeza moja peke yake."

Nalangu alikuwa anaona lile paja.

"Wengi wetu tulifanya hivyo," daktari akasema, na hakusema kwa ubaya. "Dawa moja peke yake, mdudu anaizoea. Ni kama kumpelekea mwanafunzi somo moja kila siku." Akavuta pumzi. "Kuna dawa zingine. Kali, na za muda mrefu. Hazijafika, na zikifika ni za watu wachache sana. Siwezi kupea mtu wa kutema. Na hapa nimeambiwa na watu wa dispensari yako ati huyu anaficha dawa kwa shavu. Wewe ndiye ulikuwa unampea. Niambie. Alikuwa anameza ama hakuwa anameza?"

Hapo ndipo Nalangu alikumbuka dipu.

Akiwa msichana, kwa Mzee Kisemei, ng'ombe walikuwa wanaogeshwa kwa dipu, lile josho la dawa, na kupe wanaanguka kama mchanga. Halafu mwaka fulani wakaacha kuanguka. Ng'ombe anatoka amelowa, kupe wamekaa kwa masikio wamenona. Mzee akasema ni Katoo, mwanaume mzima mwenye watoto, aliyekuwa anachanganya dawa. Ati anaiba dawa na kujaza maji. Katoo akaapa kwa vichwa vya watoto wake. Mzee akamfukuza na fimbo. Baadaye watu wa mifugo wakaleta dawa ya aina ingine, na siku hiyo hiyo kupe wakaanguka. Walikuwa wameizoea ile ya kwanza. Kila mtu pale nyumbani alielewa, na hakuna mtu alienda kumwita Katoo arudi.

Nalangu alikuwa anajua hiyo kitu tangu akiwa na miaka kumi hivi. Aliijua kwa kupe. Hakuwahi kuiruhusu iingie kanisani.

"Sista?"

"Alimeza," akasema. Ile sauti ya mto haikuwako. "Zote. Nilikuwa naona. Mimi ndiye nilisema uongo, si yeye."

"Basi ilikuwaje dawa zikashindwa?"

Daktari hakuwa anamtega, kalamu yake ilikuwa inangoja tu. Lakini Nalangu alijua anaulizwa nini, na aliona ukumbi wote wa semina umegeuka kumwangalia.

"Mdudu alibadilika," akasema.

Daktari akaandika jina la Kyule. Akamwambia zile dawa za zamani aziache zote, zilikuwa zinamwonea mgonjwa na kumfundisha mdudu. Sindano zaidi sana, masikio yalikuwa yanaenda na yanaweza yasirudi. Angoje.

"Mpaka lini?"

"Tutawaita."

"Daktari, yule mtu hana mwezi wa kungoja."

"Najua, sista," akasema, na akaangalia dirisha.

Alipofika nyumbani akakuta Pasta Munguti na kina mama wamekaa nje kwa viti vya plastiki, wanapanga Jumapili ya ushuhuda. Kyule amefunikwa blanketi, jua linawaka, yeye anatetemeka. Nalangu akasalimia haraka, akapiga magoti kando ya mumewe. Alitaka kulisema polepole, liingie sikio moja tu na kubaki humo.

"Baba Mwende, ulimeza."

"Ati?"

"Nasema ulimeza."

"Nimeze nini tena?"

Kina mama wakageuza shingo. Nalangu akajaribu tena mdomo ukigusa sikio, na Kyule akatikisa kichwa, filimbi imejaa. Basi Nalangu akafungua ile sauti ya kuita ng'ombe, na ploti nzima ikasikia.

"ULIMEZA! ULIMEZA ZOTE! MIMI NDIYE MWONGO! MDUDU AMEBADILIKA!"

Mbwa wa jirani akabweka. Kyule akamtazama, na kwa ule uso uliobaki mifupa kikatokea kicheko cha zamani.

"Sasa hiyo," akasema, "hata Entarara wamesikia." Kikohozi kikamshika kabla hajamaliza kucheka, na kitambaa kikatoka na damu.

Pasta alikuwa amesimama. "Sista Nalangu. Ni wewe unasema hivyo? Na siku ya sita?"

"Siku ya sita iko pale iko, Pasta. Mungu sijamwacha." Alikuwa anampangusa mumewe kidevu. "Lakini uponyaji uliotangaza haujashuka. Usimtangazie tena. Kama unaomba, omba dawa ifike, na ifike akiwa hai."

Pasta akaangalia Biblia yake, akaangalia kile kitambaa. Kina mama mmoja mmoja wakaanza kuomba, chini chini, bila kutangaza kitu.

Asubuhi Nalangu akaamka saa zile zile. Akachemsha maji, akaleta kikombe, akakaa pembeni ya kitanda kama alivyozoea. Mkono ukaenda kwa rafu penye dawa hukaa na ukarudi hivyo hivyo. Kyule alikuwa macho. Hakuwa amesikia kitu, wala hakukuwa na kitu cha kusikia. Alimwona tu amekaa pale na kikombe, akajua ni saa ngapi.

Akafungua mdomo. Akainua ulimi.

Nalangu akaangalia ndani ya ule mdomo mtupu, na mkononi hakuwa na kitu cha kuweka.