Wanafunzi wa Sheria Walipolala Kwetu

Baba alipokuwa hai, baba mdogo hakuwahi kucheka kichekesho changu hata kimoja. Akinikuta nachekesha watu pale njia panda ananiambia, "We usipa, nenda kafanye kazi," halafu anapita zake. Tulipomaliza msiba wa baba akaanza kucheka. Nasema kitu kidogo tu, hata hakichekeshi, mzee anashika mbavu. Nikamwambia mama, "Mama, huyu anacheka. Tumekwisha."

Mama hakucheka.

Niwaeleze kwanza nani ni nani. Mama ni mtu wa Kihagara, chini ziwani, Mwanglikana wa kuzaliwa. Alipoolewa huku milimani Kitura na Mmatengo mwenye kahawa, mimi nilikuja naye mgongoni, mtoto wa mwanaume mwingine. Ndiyo maana naitwa usipa, vile vidagaa vya ziwani. Hata ukivaa suti watu wananusa ulikotoka. Yule Mmatengo alinilea kama wake, na ndiye ninayemwita baba. Pamoja walizaa mtoto mmoja tu, wa kike. Mimi niliishia darasa la saba nikaingia kijiwe cha bodaboda pale Mbinga mjini. Mdogo wangu alifaulu, akafaulu tena, mpaka akafika chuo kikuu kusomea sheria. Kwa hiyo baba alipofariki nyumba ilibaki hivi: mjane wa kuja, mtoto wa kiume asiye wa damu, na mtoto wa damu asiye wa kiume. Na shamba zuri kuliko yote kwenye mlima ule, kahawa kwa juu, mahindi na maharage kwa chini.

Baba mdogo hakugombana na mtu. Afadhali angegomba. Alikuwa anakuja jioni, anakaa kwenye kigoda cha marehemu, anamwuliza mama kwa sauti ya kubembeleza mtoto anywe dawa.

"Shemeji, ziwani kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, shemeji."

"Ungekwenda ukapumzike. Huku baridi, utaugua. Shamba tutakuangalizia."

Siku moja nikaingilia. "Baba mdogo, samaki kwenye baridi ndiyo anakaa muda mrefu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Alipomaliza kucheka akaendelea kuniangalia, na macho yake hayakuwa na kicheko hata kidogo.

Mwezi wa tatu mdogo wangu akapiga simu. Chuo kinafunga kwa muda mfupi, anakuja, na anakuja na wenzake wawili. Huko chuoni wana kikundi cha kusaidia watu wasio na wakili, wanakwenda vijijini kufundisha sheria ya ardhi. Safari hii amewaambia waje mlimani kwetu. Nikawafuata stendi Mbinga, nikawapandisha mmoja mmoja. Kulikuwa na binti mkimya, na kijana mrefu wa miwani aliyekuja na viatu vyeupe. Njia nzima alikuwa ameninyanyulia miguu juu kama kuku anavuka mto. Tulipofika, vile viatu ungesema vimezaliwa Kitura.

Walilala chumba cha mbele. Nikawaambia, "Karibuni sana, lakini chuo kikuu kizima mmehamia hapa na choo ni kimoja."

Kila siku mchana walikaa na akina mama nje ya kanisa. Siku ya kwanza walikuja wachache, wamejifunika khanga kichwani kama wamefuata rozari. Kesho yake wakaongezeka. Mdogo wangu alisimama mbele akasema taratibu, kwa Kiswahili na kwa Kimatengo, kwamba mjane hafukuzwi kwenye ardhi aliyoilima na mumewe, na kwamba mtoto wa kike ni mtoto. Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki, najifanya nasubiri abiria. Abiria wa kweli alipotokea nikamwambia mafuta yameisha.

Nilimwuliza yule mrefu, "Kaka, hivi nyie mnapata nini kuja kuchafua viatu huku?"

"Tukisoma haki halafu tukaiacha darasani," akasema, "tumesoma bure."

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Na shemeji akikataa?"

"Unakwenda baraza," mrefu akajibu.

"Na wa baraza ni ndugu zake."

"Kuna ngazi ya juu yake, mama."

"Haya. Na nyie siku hiyo mtakuwa wapi?"

Yule mrefu alimwangalia mdogo wangu. Mdogo wangu akaangalia chini. Nyuma kabisa, kwenye ukuta wa kanisa, baba mdogo alikuwa amesimama, kofia mkononi, anaitikia kwa kichwa kila neno kama yuko kwenye mahubiri. Watu walipotawanyika akaja mpaka kwenye pikipiki.

"Vijana wazuri sana hawa. Wanaondoka lini?"

"Hawaondoki, baba mdogo. Wameshaonja maharage ya kwetu."

Akacheka. "Wanaondoka lini?" akauliza tena.

Hapa kuna jambo lazima mlielewe, la sivyo yaliyofuata mtayaona ya kitoto. Milima yetu imesimama kama ukuta, kwa hiyo tunalima ngoro. Mvua zikikaribia kuisha, mwanaume anafyeka majani kwa nyengo, anayalaza shambani kwa mistari inayokatana, yanakuwa miraba mlima mzima kama dirisha la nondo. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika yale majani. Panabaki shimo, maji yanakaa humo, udongo hauendi bondeni. Kazi ya mwanaume, kazi ya mwanamke. Na kwetu hakuna mwanaume anayelaza majani kwenye shamba la mtu. Analaza kwenye lake. Mwanamke akimpikia akala palepale, halafu akachimba ndani ya miraba yake, basi watu hawaulizi tena. Mwanamke huyo ni wa nyumba ya yule aliyelaza, na shamba ni la mwanaume huyo.

Basi asubuhi moja, wageni wakiwa bado kwetu, mimi nilikuwa nimepeleka mgonjwa Mbinga, na mdogo wangu alikuwa ameshatangulia kanisani. Narudi, nafika kwenye kona ya mwisho ambako shamba letu linaonekana lote, nikazima pikipiki. Miraba. Imelazwa vizuri, imenyooka, kuanzia kwenye kahawa mpaka chini mtoni. Baba mdogo na wanawe walikuwa wamekaa uani kwetu wanakula. Kuku. Yule mrefu alikuwa amekaa nao, anafurahi, simu mkononi.

"Kaka, umeona? Mzee ameamua kumsaidia mama! Mambo yameanza kubadilika. Nimewapiga picha wakiwa kazini na wakati wa kula."

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa mbele ya moto na mikono imelala mapajani.

"Mama, umempikia?"

"Nimetoka nje nikamkuta keshaanza," akasema. "Kijana wa watu anamshukuru. Yule binti anampelekea maji. Shemeji akapaza sauti, 'Shemeji, leo tunakula hapa.' Ningefanyaje? Nimfukuze mtu mzima na njaa yake mbele ya wageni?"

"Ungesema huna chakula."

"Na kuku anapita mlangoni?"

Mdogo wangu aliporudi na kuona ule mlima alikaa chini palepale njiani, na khanga yake safi. Yule mrefu akasema sheria haitambui majani. Mdogo wangu akamjibu bila hasira, "Haitambui. Lakini waliokaa barazani wote wamelima ngoro. Na wewe umewapiga picha."

Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetuita barazani. Alivaa koti la kanisani. Akasimama, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akasema hana ugomvi na mtu. "Nimelaza majani mchana kweupe. Shemeji akapika kwa hiari yake, tukala. Wasomi wa chuo kikuu ni mashahidi wangu, picha wanazo. Nilichobakiza ni kumwomba achimbe, tule maharage kwa amani."

Watu wakaguna. Miwani ya yule mrefu ilikuwa imejaa ukungu. Alisimama hata hivyo, akasema ndiyo, picha anazo, na yeye ndiye aliyekosea kuelewa, mama hakukosea. Kisha mdogo wangu akaeleza sheria, akaeleza vizuri, ila niliwaangalia wale wazee nikaona maneno yanapita juu ya vichwa vyao kama ndege. Mwishoni akasema, "Naomba mama aseme mwenyewe."

Mama hajawahi kusema mbele ya wanaume wa mlima ule. Alisimama akishikilia ncha ya khanga.

"Nimepika kwa sababu ya wageni," akasema. "Hata nyie wake zenu wangepika. Majani yake sijachimba na sitachimba. Shamba niliachiwa na mume wangu, nimelilima naye, na mtoto wake huyu hapa. Ziwani kwetu hawajambo. Siendi."

Wakanong'onezana kwa muda mrefu sana. Mwisho mwenyekiti akasema shamba libaki kwa mjane na mtoto, na majani yaondolewe. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni baba mdogo. Akaja kumshika mkono mama, akamshika mdogo wangu, akanishika na mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu na haukuwa na haraka ya kuachia.

Tuliyakusanya yale majani yote tukayaweka mpakani. Tukafyeka mengine, tukalaza upya, mimi, mama, mdogo wangu na wale wageni. Miraba yetu ilipinda kama mstari wa mlevi. Nikasema, "Maharage ya humu yatazaliwa na makengeza." Wageni wakacheka. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wamesimama wanaangalia mwanamke akilaza majani, na hakuna aliyepaza sauti kutusalimia.

Kisha wageni wakaondoka, maana chuo kilifunguliwa. Niliwapeleka stendi, yule mrefu akanikumbatia, akasema tumeshinda. Basi likaondoka.

Kuanzia hapo mlima ukanyamaza. Wale mama wa kanisani wakikutana na mama yangu wanaitikia salamu huku wanatembea. Ukimuuliza mtu anakwambia hakuna tatizo, kazi tu zimebana. Kahawa ilipoiva mama akapika pombe ya kuita watu waje kuchuma, ile kazi ya pamoja tunayoiita ngokela, ambayo kwetu hakuna anayekosa. Akafagia uwanja. Akapanga vikombe. Tukakaa. Mchana ukapita, pombe inatoa povu peke yake. Nikasema, "Mama, wageni wamechelewa, tuanze kulewa sisi." Akanyanyuka akachukua kikapu akaenda kuchuma. Nikamfuata. Watu wawili shamba zima, kahawa nyingine inadondoka chini.

Mdogo wangu alipiga simu, yuko kwenye mitihani, akasema anaacha, anakuja.

"Ukija bila kumaliza," mama akamwambia, "baba yako mdogo ndiye atakayekushukuru. Maliza."

Asubuhi moja tulikwenda kuchuma mwisho wa kahawa, inapopakana na miraba. Mistari ya chini ilikuwa haipo. Mibuni imekatwa yote, imebaki visiki, matawi yamerundikwa pembeni na kahawa yake mbichi. Nilitukana matusi yote ninayoyajua na mengine nikayatunga. Nikasema huyu mzee ni mharibifu, nakwenda kumwonyesha.

Mama aliinama kwenye kisiki kimoja, akapitisha kidole. Akaenda kingine. Akaenda kingine.

"Hajaharibu," akasema.

"Mama, imekatwa!"

"Angalia. Msumeno. Chini ya goti, mshazari, maji yasituame. Hivi ndivyo baba yako alivyokuwa anakata mibuni iliyozeeka ili ichipue upya. Mtu anayeharibu anakata kwa panga, anang'oa. Huyu amekata taratibu, na matawi kayapanga. Ukikata hivi unasubiri miaka mitatu, unavuna."

Ndipo nikaelewa. Hakuja kutukomoa. Alikuja kuhudumia shamba lake. Kwenye hesabu yake miaka mitatu mbele sisi hatupo, na hakuona hata haja ya kutuambia.

Mama akateremka mtoni akanawa mikono. Akarudi nyumbani, akavaa gauni la kanisani na viatu, akasema, "Washa pikipiki. Twende Mbinga. Waliniambia kuna ngazi ya juu yake."

"Tusimsubiri mdogo wangu?"

"Yeye amalize mitihani. Mimi nimeshafundishwa."

Njiani, nyuma yangu, nilimsikia anarudia kwa sauti ndogo yale aliyofundishwa nje ya kanisa, mjane hafukuzwi, mtoto wa kike ni mtoto, anakosea, anarudia tena toka mwanzo. Tulipofika njia panda baba mdogo alikuwa amesimama kando ya barabara, peke yake, amevaa lile koti la siku ya baraza. Akanyoosha mkono kuomba lifti, kwa upole kabisa, kama mzee yeyote anayekwenda mjini.

Mkono wangu ukalegea kwenye mafuta. Mazoea, ni mtu mzima.

"Usisimame," mama akasema.

Nikapita. Mama hakugeuka. Mimi niliangalia kwenye kioo, na mzee alikuwa bado amenyoosha mkono, sasa ananyooshea gari lililokuwa linakuja nyuma yetu.