Mfereji Ulioishia Mlangoni kwa Praxeda

Nyumba ya Praxeda, pale Tanga, Makorora mtaa wa Mivinje, zamani ulikuwa unaipandia. Marehemu mumewe Zebedayo aliinyanyua msingi makusudi. Alisema yeye kakulia kambi za mkonge, kwenye vibanda ambavyo mvua ikinyesha kwa jirani wewe unaamka umelowa, na hataki tena kulala sawa na ardhi. Basi mgeni akija alipanda ngazi, akafika barazani anahema, ndipo akabisha hodi.

Siku hizi mgeni anashuka. Si kwamba nyumba imezama, iko palepale Zebedayo alipoiweka. Iliyopanda ni barabara. Kila wakubwa walipotaka kuja, Ofisi ya Ujenzi ilimwaga kifusi, greda likapita, wakubwa wakapita. Mvua ikishaipasua barabara, kinaletwa kifusi kingine juu ya kile cha zamani. Kuchimba kwanza ndipo wajaze, hilo halikuwapitia hata ndotoni. Mtu anayevaa shati safi juu ya chafu kila asubuhi majirani wangemcheka mpaka ahame. Ofisi ya Ujenzi yeye anapewa gari.

Praxeda mwenyewe ni mtoto wa manamba. Baba yake alitoka Songea na blanketi lake begani, akaja kukata mkonge, akamwoa binti wa Kibondei kule Muheza. Wakamsomesha mtoto wao kwa masista mpaka darasa la saba, na kwa wakati ule, kambini, hiyo ilikuwa habari. Akaajiriwa kiwanda cha kamba, akasimama kwenye mashine ile inayokula vidole vya wazembe, akatoka navyo vyote siku kiwanda kilipofungwa. Chumvi ya jirani hajaomba. Chozi lake jirani hajaliona, hata siku ya kumzika Zebedayo, maana alisema wanaolia barabarani wanamsaidia nani.

Na alikumbuka. Hilo ndilo lililowakera watu wa ofisi kuliko ulimi wake. Alikumbuka enzi ambapo kabla ya masika walipita wanaume wenye makoleo na mikokoteni, wanazibua mifereji ya mtaa mmoja baada ya mwingine. Nyapara wao alikuwa mzee wa Kidigo mwenye kofia ngumu. Akiona ganda la muhogo limeelea mferejini, anabisha hodi nyumba ya karibu, anamtoa mwenye nyumba akaliokote mwenyewe, na watu wanaangalia. Walimwogopa kuliko polisi. Siku hizi makoleo hayaonekani. Yanaonekana magari meupe yenye vioo vyeusi, na ndani yake vijana wanaotazama mitaro kama watalii wanavyotazama mapango ya Amboni.

Mwaka juzi ukaja mradi wa mfereji. Ulianzia kule juu sokoni, ukashuka mtaa mzima, wa mawe na saruji, mzuri, mpana. Praxeda mwenyewe alipeleka maji ya kunywa kwa mafundi. Ukafika mbele ya mlango wake, kwenye nguzo ya umeme, ukasimama. Wakaujengea ukuta mwishoni, wakaupiga lipu ukang'aa, wakakusanya vyombo wakaondoka. Bonde lenye matete, ambako maji yote ya Makorora huelekea yakiachiwa, liko nyuma ya nyumba yake tu, ukitema mate kwa nguvu yanafika.

Vuli ilipokuja, kazi ya Ofisi ya Ujenzi ikaonekana. Maji ambayo zamani yalitawanyika kila mtu akapata kidogo, sasa yalikusanywa mtaa mzima, yakasindikizwa kwa heshima, yakafikishwa mlangoni kwa mjane mmoja. Yaliingia sebuleni na kandambili za watu, na kichwa cha samaki, na nepi. Praxeda alikaa juu ya meza, miguu ameikunja, anaangalia godoro lake linaogelea.

Mwanawe Timotheo alikuja kutoka Arusha. Alipima alama ya matope ukutani kwa kiganja, akasema:

"Mama, mara hii ya mwisho. Masika maji yakiingia tena, nakuja na lori. Tunafunga nyumba, unakuja kwangu."

"Na nyumba ya baba yako?"

"Tutauza kiwanja."

Praxeda alishika ufagio, akaendelea kusukuma matope nje. Anaijua nyumba ya Timotheo. Ni ghorofani, sakafu ya vigae, hujui pa kumwaga maji ya kuoshea mchele, na mkwe wake hufungia sukari kabatini kisha anauliza nani anataka chai. Kwa Praxeda, kufa maji Makorora kulikuwa na nafuu.

Akaenda ofisini. Alimkuta Injinia Innocent, kijana wa watu, viatu vyake vimechongoka mbele kama midomo ya kuku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mfereji wa Mivinje?"

"Mfereji ni wa wananchi, bibi."

"Basi mimi mwananchi nimekuja kuurudisha. Umenizidi."

Innocent akacheka kwa adabu, akamvutia kiti. "Unajua, bibi, awamu ya kwanza inaishia kwenye nguzo. Kutoka nguzo mpaka bondeni ni awamu ya pili."

"Maji mmeyaambia?"

"Mchakato unaendelea."

"Na masika nayo yanaendelea kuja."

"Kwa sasa tunashauri wananchi waweke viroba vya mchanga mlangoni."

"Mchanga analeta nani?"

"Wananchi wenyewe."

"Na ofisi inaleta nini?"

Innocent alifikiri kweli, maskini, si mtoto mbaya. "Ushauri, bibi."

Praxeda akanyanyuka, akamwambia akae na ushauri wake, usije ukalowa.

Ng'ambo ya barabara, upande wa juu ambako maji hayagusi, ana duka Alefiya, mjane wa Kibohora anayeuza bizari na misumari. Wamezeeka pamoja wakitaniana. Alipomwona anarudi alimwita:

"Shoga, usinune. Mimi maji ya bomba nayangoja wiki nzima. Wewe unaletewa mpaka kitandani."

"Nikuhamishie?"

"Hapana, miye mfanyabiashara. Cha bure kinanitia wasiwasi."

Miezi ikapita, matope yakakauka ukutani. Masika yakikaribia, kaja Hatibu, mwenyekiti wa mtaa, na tabasamu lililomtangulia toka kona. Mtu huyu akitabasamu hivyo, ficha kuku wako.

"Mama Timotheo, umebahatika. Mfereji unazinduliwa. Mgeni rasmi anatoka Dodoma. Jiwe litawekwa hapahapa, kwenye nguzo, mlangoni kwako."

"Unazinduliwa mfereji uliozibwa?"

"Hayo ya kitaalamu. Watu wa mgeni wametaka mzee mmoja, mama, anayekaa kando ya mfereji, atoe neno la shukrani. Tumekuweka wewe. Jina limeshakwenda juu."

"Mmelipeleka bila kuniuliza?"

"Neno lenyewe dogo tu. Unasema asante, unakaa."

Praxeda alikuwa anachambua mchele. Akautikisa ungo, akapuliza makapi, yakamwangukia Hatibu kwenye suruali.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema asante. Kisha nitamshika mgeni mkono, nimkaribishe ndani anywe kahawa. Mzee akikukaribisha kwake mbele ya kadamnasi huwezi kukataa. Au ninyi wa siku hizi mnakataa?"

Hatibu akatazama kule chini mlangoni. Akaiona alama ya matope sebuleni, imekaribia usawa wa meza. Akaliona godoro kwenye ua, limeanikwa tangu vuli na bado linanuka kama mkoko. Akamwona kichwani mwake mgeni rasmi, kiatu chake cha kisigino, anashuka humo, na kamera nyuma yake.

"Mama Timotheo, wallahi usituue."

"Sijakugusa. Waambie wenzako wavunje ule ukuta, wachimbe mpaka bondeni. Wasipochimba, kahawa ipo, na tangawizi nitatia."

Alefiya, ambaye duka lake lina masikio, akapaza sauti: "Na mimi nitaleta vikombe vya harusi."

Kesho yake, siku ya mwisho kabla ya sherehe, Makorora iliona ambayo haijayaona tangu enzi za yule nyapara wa Kidigo. Lilikuja lori na vijana wamejaa, makoleo mapya, bei imebandikwa bado kwenye mipini. Innocent alikuwa amevaa mabuti. Fundi wao, Anold, aliunyanyulia nyundo ule ukuta aliouchapa lipu kwa mikono yake, akaupasua. Wakachimba kando ya ua wa Praxeda, wakapanga mawe, wakatia zege, jasho likawatoka. Awamu ya pili iliyokuwa ikichakatwa toka mwaka juzi ilimalizika kabla mwadhini wa magharibi hajasafisha koo.

Innocent alikuja kujisafisha mikono kwenye ndoo ya Praxeda.

"Umeridhika, bibi?"

"Haijanyesha."

Sherehe ikafanyika. Turubai, viti vya plastiki, ngoma ya watoto wa shule, pazia dogo limefunika jiwe, na kwenye jiwe majina ya watu ambao hawajawahi kushika koleo. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, kachoka na safari. Hotuba zikapigwa: huduma, wananchi, miundombinu, wananchi tena. Praxeda akaitwa. Hatibu akawa anakunja na kukunjua leso yake.

Praxeda alisimama wima kwenye kanga yake ya pasi, akangoja watoto wanyamaze.

"Mimi ni Praxeda, mke wa marehemu Zebedayo. Kwa niaba ya wazee wa Mivinje naishukuru Ofisi ya Ujenzi kwa kazi yake ya jana."

Akakaa. Watu wa mtaa wakaanza kucheka kwa puani, wakashindwa kujizuia, wakamalizia kwa mdomo. Mgeni rasmi alidhani ni furaha, naye akatabasamu akapiga makofi. Aliyepiga makofi haraka kuliko wote alikuwa Innocent.

Mtu mwingine angesema hadithi imekwisha, nyumba imepona. Hamuijui ofisi. Zulia jekundu halijakunjwa vizuri, Anold akarudi na wenzake na lori la mawe na saruji.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kujenga ule ukuta."

"Upi?"

Anold aliona aibu, akawa anasema na koleo lake. "Ule wa mwisho. Wakaguzi wanakuja kupima. Mchoro unaishia kwenye nguzo, na mfereji umeipita nguzo. Kilichozidi hakitambuliki. Injinia kasema turudishe kama mchoro, wakishaondoka tutaona."

"Mlivunja wenyewe, mkachimba wenyewe, sasa mnaziba wenyewe."

"Sisi watu wa amri, bibi."

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji tangu alfajiri, meusi, yamenona. Praxeda akayatazama, akamtazama Anold. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi kwapani, sinia mkononi, na nazi mbili zimepasuliwa. Akashuka mferejini palepale kwenye nguzo, akaikunjua mbuzi, akaikalia, akajifunga kanga vizuri magotini, akaanza kukuna.

Mtu akikalia mbuzi humtoi. Huwezi kumshika mama mtu mzima aliyekaa hivyo ukamnyanyua, na vijana wale walikuwa na mama zao. Walisimama wanatazama nazi inavyojaa sinia. Alefiya akatoka dukani na kiti ili aone vizuri.

Anold akapiga simu. "Injinia, kuna bibi mferejini."

Sauti ya Innocent ilisikika mpaka kwa Alefiya. "Mwambie atoke."

"Mwambie wewe."

Akamshikia Praxeda simu sikioni, maana mikono yake ilikuwa na tui.

"Bibi, tafadhali. Ni siku chache tu, kwa ajili ya wakaguzi."

"Njoo unitoe wewe, mwanangu. Njoo na lile gari jeupe. Nikuulize mbele ya wakaguzi wako, yule mama wa Dodoma alizindua nini."

"Niko kikaoni, bibi."

"Kaa, kaa kikaoni. Ndiyo kazi yako."

Tone la kwanza lilidondoka kwenye sinia. La pili kwenye mfuko wa saruji, likatoa vumbi. Kisha masika yakafunguka kwa pamoja, yale ya Tanga, ya kuona ng'ambo ya barabara kwa kukisia. Vijana wakatupa makoleo, wakakimbilia barazani kwa Praxeda, upepo ukawafuata huko, wakasukumana mpaka sebuleni. Praxeda alitoka mferejini wa mwisho, bila haraka, sinia kalifunika kwa upande wa kanga. Akasimama mlangoni.

Maji yalikuja kutoka sokoni, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mabua na chupa na kiatu cha mtoto. Yakafika kwenye nguzo. Hapo Praxeda alishika fremu ya mlango. Yakapinda, yakagonga ukingo, yakainuka kidogo kama yanayofikiri, halafu yakaendelea kando ya ua, kuelekea matete. Alingoja yapungue, yakazidi, na yakazidi kupita. Sakafu ya Zebedayo ilikuwa kavu isipokuwa pale vijana walipokanyaga.

"Yanapita," akasema Anold nyuma yake, kama mtu aliyeona ajabu.

"Ulitaka yafanye nini? Vueni mabuti, mnanichafulia nyumba."

Wakavua wote, wakayapanga ukutani kama watoto wa chekechea. Simu ya Praxeda ikaita mezani. Alikuwa Timotheo, keshasikia Tanga inanyesha.

"Mama, niagize lori?"

Praxeda akachungulia nje, ambako mifuko ya saruji ya Ofisi ya Ujenzi ilikuwa inalowa juu ya barabara yao ya kifusi, inageuka mawe taratibu.

"Mie sihitaji," akasema. "Labda uwaulize hawa vijana, wana mzigo." Akakata simu, akaenda jikoni kukamua nazi, maana wageni walikuwa wengi na wali ulitakiwa uongezwe.