Mama Cheche na Kalamu Iliyogoma

Alikuwa fundi mageti, na kwa jinsi alivyopenda kuchomelea, watu walimbatiza jina Mama Cheche. Hata mumewe, aliyeyapaka rangi mageti yote yaliyotoka mikononi mwake, alimwita hivyo hivyo. Miaka nenda miaka rudi alichora mageti kwa chaki sakafuni: maua, majani, miale ya jua. Na miaka nenda miaka rudi wateja walikuja na viatu vyao, wakakanyaga ua, kisha wakauliza, "Sasa fundi, geti langu liko wapi?"

Ndiyo maana siku aliyoleta karakanani kishikwambi kipya na kalamu yake, miguu ilikuwa haigusi chini.

"Baba watoto, njoo uone! Leo chaki nimeipa talaka!"

Lakini karakana ni karakana, nyundo haichagui pa kuangukia. Kabla ya lolote akakitengenezea kishikwambi kava la chuma: bati mgongoni, fremu pande zote, skrubu kila pembe. Mumewe akalipaka bluu. Hata lori lingepita juu yake, lingeomba radhi.

Sasa kazi. Akawasha blutuuthi ili kalamu na kishikwambi visikilizane. Skrini ikaandika: imeunganishwa. Akavuta mstari, ukateleza laini, akacheka peke yake. Akavuta wa pili, ukaishia njiani. Imekatika.

Akazima, akawasha. Akaichaji kalamu mpaka ikajaa. Akakiamuru kishikwambi kiisahau kalamu, kisha akavikutanisha upya, kama anayesuluhisha wanandoa. Kalamu ikakubali kidogo, ikanuna tena.

"Labda haipendi kelele," mumewe akasema.

"Kwani ina masikio?" Lakini mashine ya kukatia chuma akaizima, huwezi jua.

Mteja alikuwa njiani: muuguzi mstaafu aliyetaka geti lenye ndege, naye Mama Cheche alishamwahidi kulichora mbele ya macho yake. Akampigia mdogo wa mumewe, fundi simu.

"Shemeji, kalamu yangu inaunganika, inakatika."

"Imeshazoea tabia za kaka nini? Naye ukimtuma huishia njiani."

"Utani baadaye, shemeji, mteja anakuja!"

"Haya. Chaji ipo?"

"Imejaa."

"Hujaiunganisha na kitu kingine?"

"Na nini? Na nyundo?"

"Basi toa kava, futa vumbi kila mahali, halafu nipigie."

Kulifungua kava lile kulimuuma, maana alilipiga msasa kwa mapenzi. Skrubu zikatoka, bati likatoka. Hata kitambaa cha kufutia hajakishika, skrini ikaandika: imeunganishwa. Akachora duara. Akachora jingine, na jingine juu yake. Hakuna kukatika! Akarudisha kava, mstari ukafa. Akalitoa, mstari ukatiririka.

"Baba watoto! Ni kava! Chuma kinaziba mawimbi! Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako!"

"Na mimi nimemremba mchawi wetu kwa rangi ya bluu!" mumewe akapiga kelele, na wote wawili wakacheka hadi wakashikana mabega.

Muuguzi alipofika alikuta wanagombania kalamu. Wakampa kiti. Mama Cheche akashusha nondo moja baada ya nyingine kwenye skrini, akaweka ndege juu.

"Mbona ndege wangu kanuna?" mteja akauliza.

Mdomo ukainuliwa, ndege akawa anaimba. Hakuna cha kufuta sakafu wala kupiga magoti.

"Ala! Mwongezee mwenzake, basi." Mwenzake akatokea. Kisha muuguzi akanyoosha mkono. "Hebu nipe na mimi, mwanangu."

Akashika kalamu, akamchorea ndege mkia mrefu uliopinda, ukavuka nondo zote na kuzunguka kufuli.

"Nifute?" akauliza kwa aibu.

"Thubutu!" Mama Cheche akasema. "Chuma nitakikunja hivyo hivyo ulivyochora."

Kishikwambi akakiviringisha katika shali yake, mpaka seremala wa jirani atakapomtengenezea kava la mbao. Kisha akavaa miwani ya kuchomelea, akaanza na mkia.