Mkono Ndani ya Koti

Rafiki yangu Mkongomani alikuwa anachora kunishinda, na nasema hivyo nikiwa na wivu wangu wote. Kisha mashine ya kiwanda cha nyama ikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, akaapa hatashika brashi tena. Kanisani kila mtu akawa anampa pole. Pole, ndugu. Pole sana. Akaacha kuja kanisani.

Mimi nikasema potelea mbali, nitamchora yeye. Kwenye jumba la sanaa hapa Minneapolis, Marekani, nilikuwa nimeona picha ya zamani, mchoraji wa Ulaya aliyechorwa na mchoraji mwenzake: koti jeusi, nyuma giza tupu, ngozi laini hadi huoni brashi ilipita wapi. Amekaa kama waziri. Nilitaka wangu naye akae vivyo hivyo, watu wamwone mchoraji, si mgonjwa.

Alikubali shingo upande. Kila Jumamosi, nikitoka zamu hospitalini Saint Paul, nilipanda treni hadi kwake mtaa wa Cedar, ghorofani, nikamkuta ndani ya suti yake ya harusi akilalamikia joto la hita. Nilipaka rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, nikailainisha mpaka mabega yakauma. Mkono wa kulia niliuingiza ndani ya koti, kama walivyofanya mabwana wa kale.

Siku nilipomwonyesha, aliikagua picha juu hadi chini. Kisha akafoka.

"Mkono wangu uko wapi?"

"Ndio mtindo wenyewe!"

"Mtindo gani? Dada, hii ni pole. Hata weye umenipa pole, tena ya rangi!"

Nilikasirika, jamani. Miezi mizima ya kazi! Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli inauma. Nikachukua kisu, nikalikwangua koti palepale mbele yake, mkewe akinipigia kelele kuhusu zulia. Wiki zilizofuata nikauchora mkono juu ya goti, vidole vitatu vilivyobaki, makovu na yote.

Alipouona akasogea karibu, akautazama kwa lile jicho lake la kunitafutia makosa.

"Umekosea. Kidole gumba hakikai hivi."

"Kinakaaje?"

"Nipe brashi."

Aliishika kwa mkono wa kushoto. Mstari ukatoka mnene, umepinda, ukaharibu ulaini wangu wote. Nikainuka, nikampisha kwenye kiti changu.