Mbuzi Aliyekuwa Anakimbia

Saa mbili asubuhi, Mama Brashi anaingia darasa la chekechea na kutumbukiza mikono yote miwili katika mifuko ya aproni yake. Humo inakaa. Watoto kumi na tisa wamelala kifudifudi sakafuni juu ya makaratasi, rangi hadi puani.

"Nikiitoa, itaharibu," anasema.

Hatanii. Kwa miaka ishirini na miwili amechora mabango ya maduka, vinyozi na gereji, na mstari wake haupindi hata akiwa juu ya ngazi inayoyumba. Mwalimu mkuu alipomwomba aje asubuhi mbili kwa wiki kuwachangamsha watoto, kwa malipo yasiyofikia bei ya bango moja, alikubali palepale. Watoto wake wameshakua, nyumba imepoa.

Loo, wiki ya kwanza tu akaboronga. Binti mmoja wa miaka mitano alichora mbuzi mwenye miguu sita. Mama Brashi akacheka kwa upendo, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akafuta miwili. Mtoto akamtazama.

"Lakini alikuwa anakimbia."

Tangu siku hiyo binti hakushika brashi. Akiletewa karatasi anaisukuma, anakaa zake kwenye benchi la dirishani. Bibi yake alikuja kuuliza kulikoni, maana hata nyumbani, alikokuwa akigombezwa kwa kuchora kuta kwa makaa, kuta zimebaki safi.

"Mimi niliyekuja kuwasha ndimi niliyezima," anasema Mama Brashi. Alilia jikoni kwake, hafichi.

Akamwomba mtoto radhi mbele ya wenzake. Kisha akashona mifuko ile. Wiki nne amemwekea karatasi kwenye benchi bila neno. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga, ila hawakusema anakonda kiasi gani akisubiri.

Leo, karibu saa nne, binti anashuka. Anachukua brashi, anachora mbuzi. Miguu sita. Anafikiri, anaongeza wa saba, kisha anavuta aproni.

"Mama Brashi, toa mkono. Wa nane chora wewe, mbuzi amechelewa."

Mkono unatoka, na mguu anaouchora unapinda. Mtoto anaukagua, anaridhika.

Mwezi ujao Mama Brashi anataka kuchora bango jipya la geti la shule: mbuzi huyohuyo, miguu yote minane. Mwalimu mkuu anahofia wapita njia watasema mchoraji hajui kazi.

Mama Brashi anapangusa macho kwa kiwiko.

"Wakiuliza, waambieni anakimbia."